Kutoka La Kwenda Do

…na gumba limebaki nyuma tena, hilo Mackrine analijua hata bila kutazama, vidole vimetangulia na gumba limeng'ang'ania shingo ya fidla pale pale kama mbuzi aliyegoma kuvuka kijito, na Mwalimu Egbert amekwisha kusimamisha kundi zima kwa kugonga kalamu kwenye mgongo wa kiti, ta, ta, ta, "Hapana, dada Mackrine, hapana, mkono ukisafiri unasafiri wote, gumba, kiganja, kiwiko, mtu hahami nyumba akaacha mguu mmoja mlangoni," na wenzake wanacheka kidogo, kicheko cha adabu, cha kanisani, na yeye anatabasamu kwa sababu uso wake siku hizi umejifunza kutabasamu wenyewe bila kumwomba ruhusa, na anasema, "Samahani, Mwalimu," wala hasikii samahani yoyote ndani yake, hasikii aibu, hasikii kitu, anasikia bati la kanisa likilia tik, tik, kwa sababu jua limeingia winguni na bati linapoa, na anafikiri, bati angalau lina joto la kupoa… "Tena," anasema Mwalimu, "mstari wa tatu, fidla ya kwanza peke yake," na fidla ya kwanza ni yeye, hakuna mwingine, Joanitha aliye kulia kwake ni fidla ya pili na wengine wa nyuma ni wa kufuata, basi anaupachika ubao wa fidla kidevuni, anakivuta vizuri kile kipande cha kitenge alichokikunja begani, ananyanyua upinde, la, la, la, na pale pa kupanda mkono unaruka kama umeungua, unatua mbele ya pale panapotakiwa, sauti inatoka ya ajabu, na kalamu inalia tena, ta, ta, ta.

Wimbo wenyewe ni wa kipaimara, wa Jumapili ijayo, na mstari wa tatu unapanda, na Mwalimu hataki upande kwa kuvukia uzi wa mbele, ule mwembamba, anasema ule unapiga kelele kama bawaba isiyotiwa mafuta, anataka sauti iendelee kwenye uzi ule ule wa pili, iwe kama mtu mmoja anayeimba toka mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo mkono wa kushoto lazima uiache nafasi ya kwanza, huko mbali karibu na vigingi, ushuke kuja karibu na kifua cha fidla, kwenye nafasi ya tatu, na kidole cha shahada kilichokuwa kwenye la kiteleze mpaka kwenye do, basi, hivyo tu, kufumba na kufumbua, mtu wa mjini Kayanga anaweza kuona ni jambo dogo… lakini hapa Nyabiyonza hakuna aliyewahi kusoma noti za mistari, wote wamekulia kwenye solfa ya kwaya, do re mi iliyoandikwa ubaoni kwa chaki, na fidla zilipoletwa kanisani, zamani, kabla ya Mwalimu huyu, wakafanya walivyojua, wakavipa vidole majina, uzi wa pili ukiachwa wazi ni so, kidole cha kwanza la, cha pili ti, cha tatu do, na kwa kuwa nyimbo zote walizipiga kwa ufunguo mmoja tu, ule waliouzoea, majina hayo hayakumdhuru mtu, watu wakazaa, wakazeeka, wakastaafu kwaya, la akiwa la, mpaka alipokuja Mwalimu Egbert na pikipiki ya kukodi na nafasi yake ya tatu, na kumbe huko kidole kile kile cha la kinaitwa do. "Ndilo kosa lenu," anasema sasa, anatembea mbele ya madhabahu, suruali yake ina tope jekundu mpaka magotini, "mmevibandika vidole majina kama mnabatiza, kidole hakina jina, ndugu zangu, mahali ndipo penye jina, ukihama mahali jina la pale linabaki pale pale, unachukua jina jipya, la, do, si rahisi?" na Joanitha anajibu, "Rahisi, Mwalimu," Joanitha ambaye huwa anajibu rahisi kwa kila kitu hata akiulizwa habari za ukame, na Mackrine anatazama kidole chake cha shahada, ncha yake ngumu kama kwato kwa miaka ya kubana nyuzi, ukikichoma sindano hapo hakishtuki, anakitazama kama kidole cha mtu aliyekaa naye kwenye gari, na anafikiri, wewe unaitwa La, na aliyekupa jina hilo si kwaya.

Aliyekupa jina hilo alikuwa na miaka minne, mitano, akitembea kando yake kutoka mazoezini, njia ile ya kupita kwenye mibuni, hashiki mkono kama watoto wengine, anashika kidole kimoja kimoja, anakivuta kama chuchu ya ng'ombe, "Huyu nani?" anauliza mama yake, "Huyo ni La, shikamoo La," na La anatakiwa aitikie marahaba kwa sauti nyembamba, kisha Ti naye asalimiwe, kisha Do, aliyekuwa mkubwa wao na alipaswa kuitikia kwa sauti nene, na wakifika nyumbani baba yake, Projest, anawasikia tangu kwenye miti ya mipaka na kuuliza, "Mama Aine, leo mmekuja na wageni wangapi?" na Ainebyona anajibu badala ya mama yake, "Watatu, na wote hawajala," na mchezo huo haukuisha hata alipofika darasa la tano na kuanza kuona aibu kwa mambo mengine, wakichambua senene barazani, vidole vya yule mtoto vikitoa mbawa na miguu haraka kuliko bibi yake, alikuwa ananyamaza ghafla, anakigonga kidole cha mama yake kwa kidole chake chenye mafuta ya senene, "La, umechoka?"… "Dada Mackrine, tuko pamoja?" "Tuko pamoja, Mwalimu." "Fanya polepole, bila upinde kwanza, mkono wa kushoto mtupu," na anafanya, mkono mtupu, juu, chini, juu, chini, ngozi inatoa sauti ndogo kwenye uzi kama mtu anayefuta vumbi, na hakuna kinachomwuma, na jambo hilo limekwisha kuwasumbua watu, kwamba hakuna kinachomwuma, siku ile ya maziko kule kwenye migomba nyuma ya nyumba wanawake walilia mpaka wakashikwa, na yeye alikuwa akitazama jinsi vijana walivyokata mgomba mmoja ili kaburi lipate nafasi, mgomba wenye mkungu mchanga, akafikiri, huo mkungu ungengoja mwezi mmoja tu, hayo ndiyo mawazo aliyokuwa nayo mama wa marehemu, mkungu, na mama mkwe wake Kokwijuka akamsogelea pale kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni akamwambia sikioni, "Lia, mkamwana, lia, hili si la kumeza," naye akaitikia, "Ndiyo, mama," kama aliyetumwa maji, wala maji yenyewe hakwenda kuyateka, na hayakuja, na homa ilikuwa ya siku chache tu, mtoto amerudi shuleni anasema kichwa, na nani asiyejua kichwa cha mtoto, kichwa ni leo na kesho ni mpira… na walikwenda, walimwahisha, Projest alimbeba, hakuna aliyezembea, hata kosa la kumlaumu mtu halikupatikana, na pengine lingepatikana angekuwa na pa kuanzia.

"Sawa, sasa upinde," na anaweka upinde, la, ruka, mbali, ta ta ta. Dada Mackrine. Mackrine. Jina hili, kusema kweli, ni la msichana wa Isingiro, kule Kyerwa, mwembamba, mwenye kovu gotini la kuanguka na ndoo, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza na kumwogopa babake, na msichana huyo hakuwahi kuzaa, na alipoolewa huku Nyabiyonza watu walimwita mke wa Projest kwa mwaka mmoja na kisha akaja Ainebyona na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita Mackrine tena, hata mchungaji, hata mwenye duka, Mama Ainebyona, Mama Aine, na baada ya Aine tumbo lilikataa, wakangoja, likakataa, basi jina likabaki hilo moja na likamtosha, alilivaa mpaka likamkaa. Na siku ya kuanua matanga, yeye akiwa nyuma ya ukuta anasugua sufuria kwa majivu, alimsikia Kokwijuka akiwaambia wanawake wa kwaya, kwa sauti ile ya siri ambayo kuku wote wa mtaa huisikia, "Sasa wenzangu, lile jina tuliache, mkimwita kwa jina la mtoto mtamtonesha, mwiteni lake alilobatizwa," nao wakaguna, wakakubali, kwa kuwa ni watu wema, kwa kuwa wanampenda, na watu wa kwaya wakikubaliana jambo wanalishika kwa sauti zote nne, kesho yake Joanitha alimwita "Mackrine" kutoka ng'ambo ya kisima na akageuka nyuma kutazama ni nani huyo anayeitwa. Na Projest? Projest maskini anakohoa. Hawezi la zamani, la kubatizwa halimjii, anakohoa mlangoni, "He… chai ipo?" mwanamume mzima anamwita mkewe kwa kikohozi, na usiku wanalala wakitazama ukuta kila mtu wake, na hasira hana, angekuwa na hasira angefurahi, ni kama mtu aliyekalia mguu muda mrefu, mguu ni wake, unauona, unaugonga, haumo. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo watu husema, na husema kwa mzaha wakigawana nyama ya mtu aliyechelewa, hawakuwahi kumwambia kwamba lake lenyewe ni wewe, mama yake.

"Hebu niwaeleze wote, maana hili si la dada Mackrine peke yake," anasema Mwalimu Egbert, na anachungulia dirishani kwanza, wingu limekaa upande wa Kayanga na barabara anayorudi nayo ikilowa haina urafiki na mtu, kisha anachukua fidla ya Joanitha, anaishika, mkono wake wa kushoto umelegea kiasi kwamba mtu angedhani amesinzia, "Tunakosea kwa sababu tunabana halafu tunataka kuhama huku tumebana, haiwezekani, au tunaogopa, tunakitoa kidole kabisa kwenye uzi, tunaruka gizani, tunaomba Mungu tutue salama, hilo ndilo analofanya dada, hapana, unalegeza kwanza, unalegeza lakini huachi, kidole kinabaki kimegusa uzi njia nzima, kinauhisi, kwa wepesi tu, kama unavyopapasa shavu la mtoto aliye…" na anaishusha fidla. Mtu wa nyuma anaburuza kiti. Joanitha anatazama viatu vyake kwa bidii kama ndiyo kwanza amenunuliwa. "…kama unavyopapasa kitambaa," anasema Mwalimu, masikio yamemwiva, "kitambaa laini, cha… hariri," na hapa Nyabiyonza hakuna aliyewahi kupapasa hariri, na wote wanaitikia kwa kichwa, ndiyo, hariri, tunaijua, na ndipo Mackrine anapoelewa, taratibu, kama mtu anayesomewa habari zake mwenyewe, kwamba siyo jina tu, wameliondoa na neno lenyewe, wamefagia, wamepita mbele yake kila mahali anapokwenda wakiokota kila kitu chenye mtoto ndani yake wasije wakamkwaza, shavu, mtoto, darasa la tano, daftari, kandambili ndogo za bluu zilizokuwa mlangoni na asubuhi moja hazikuwepo, wanaokota, wanaficha, kwa upendo, na yule mtoto kila siku anazidi kuwa hakuzaliwa, na yeye amekuwa akiwaachia, akitabasamu, akisema samahani, amefagia nao.

Shavu. Lilikuwa la moto kwanza. Kisha halikuwa la moto. Alipapasa, kidole hiki, La, alikipitisha toka chini ya jicho mpaka kidevuni, na kwa ugumu wa ncha hii hakusikia kitu, ngozi laini kama ile na hakusikia, ikabidi ageuze kiganja, apapase kwa nyuma ya mkono, na hilo hajamwambia mtu, kwamba mara ya mwisho kumgusa mwanawe alimgusa kwa nyuma ya mkono kwa sababu fidla ilikwisha kumla ncha za vidole, na sasa kuna kitu kifuani, si kilio, kitu kama kipande cha muhogo kilichokwama, anameza na hakishuki, "Tuseme hivi," Mwalimu anasema, sasa anaongea haraka, anataka kutoka hapo alipojikwaa, "muda umekwenda, mvua hii hapa, kama mstari wa tatu ni mzito, hakuna ubaya, Joanitha anaweza kuushika na dada Mackrine akapiga chini, kwenye nafasi ya kwanza, pale alipozoea, hakuna kuhama, hakuna taabu, unaonaje?" na Joanitha anasema, "Mackrine mpenzi, pumzika tu, mimi nitaubeba," na anamaanisha, ana machozi kabisa Joanitha, machozi anayo yeye, na kukubali ni rahisi, uso umekwisha kuanza kutabasamu kwa mazoea, ndiyo Mwalimu, sawa Mwalimu, abaki kwenye so na la na ti, apige chini Jumapili na Jumapili nyingine, na wamwite dada Mackrine mpaka msichana wa Isingiro azeeke na azikwe humo humo kwenye migomba, mtu asiyezaa, kando ya kaburi la mtoto asiye na mama… kwa maana ukiliondoa jina upande mmoja limeondoka pande zote mbili, hilo hawakulifikiri wema wote hawa, aliyelala kule alikuwa wa Mama Ainebyona, Mackrine hamjui, Mackrine akienda kule na jembe lake anapalilia kaburi la jirani. Na Mwalimu amesema uongo, au amesema kweli kwa vidole tu, si kila anayehama anaacha jina lake mahali, mwanamke akishapewa lile jina amepewa, haijalishi mahali, haijalishi nani yupo na nani hayupo, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi na uachwe kwa mzazi, mbona wanautunza wao?

"Dada Mackrine?" anasema Mwalimu. "Tumwachie Joanitha?" Na yeye anaona kwamba mkono wake wa kushoto umebana shingo ya fidla mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na anataka kusema hapana, lakini linalotoka ni lingine, linatoka kwa sauti kavu, ya kawaida, sauti ya kuagiza chumvi, "Mwalimu, mimi naitwa Mama Ainebyona." Tik, linasema bati. Joanitha ameweka kiganja mdomoni. "Najua, mama," anasema Mwalimu Egbert, kwa upole, anatazama kalamu yake, kisha anatazama wengine kana kwamba kuna mmoja atamsaidia, "ni kwamba tuliambiwa… tulidhani…" "Najua mlichoambiwa," anasema, "nilikuwa nasugua sufuria," na kidevu kinaanza kumtetemeka juu ya ubao wa fidla, kitu gani hiki, kidevu, na kipande cha muhogo kimesogea, kimesogea na kinakwangua, kinauma, Mungu wangu, kinauma kweli kweli, alikuwa amesahau kuuma kukoje, na haombi kiache, anapachika fidla tena, anakivuta kitenge begani, anaweka kidole kwenye uzi, Jumapili ni mbali bado na mkono bado haujui njia na pengine utaruka tena na kutua porini, hilo halijabadilika. Mwalimu Egbert anakohoa. Ananyanyua kalamu. "Haya," anasema, na anatembea kwenye maneno kama mtu anayepita daraja la gogo, "Mama Ainebyona… fidla ya kwanza. Mstari wa tatu. Tuanzie kwenye la." Wote wanangoja. Matone ya kwanza yanagonga juu. Yeye haanzi. Upinde upo hewani, machozi yameanza kumjaa na haoni uzi vizuri wala vidole, na amesikia, amesikia kila herufi, lakini anageuza uso kwa Mwalimu na kusema, "Sijasikia, Mwalimu. Umeniita nani?"